Lori jipya la dizeli: kilomita hazijafika, lakini oili imeshakufa

Wakuu, salamu kutoka Kalemie, upande wa pili wa ziwa mkitazama kutoka Kigoma.

Nimesoma nyuzi zenu nyingi kuhusu lori jipya la dizeli limwagwe oili lini. Mmoja anasema mapema, mwingine anasema subiri, wa tatu anauza oili. Nimecheka peke yangu hadi jirani akachungulia.

Haya yamenitokea mimi, Mama Neema, mfanyabiashara wa ndagala, hao mnaowaita dagaa. Siongezi chumvi. Chumvi yote iko kwenye ndagala.

Kwa miaka mingi nilikuwa na lori la marehemu mume wangu. Lilikuwa haliwaki bila kusukumwa. Asubuhi vijana wa bandarini walikuwa wanajua kabisa: Mama Neema anasafiri, njooni na migongo.

Nikachoka. Nikauza lile lori, nikauza na boti yetu, nikanunua lori jipya la dizeli. Sikubakiza kitu kingine. Injini ile ikifa, narudi kuomba lifti ya mizigo kwa wanaume wenye malori, na mimi nilishaapa sirudi.

Siku liliposhushwa bandarini, kila mwanaume wa Kalemie alikuwa fundi.

Mmoja aliniambia oili ya kiwandani haimwagwi kabisa, ni baraka. Mwingine akaniambia niimwage kesho yake. Baadaye nikajua huyo anajenga, anataka oili chafu ya kupaka nguzo za nyumba mchwa wasile. Ushauri wa kitaalamu kabisa.

Mimi nikafuata aliyeniuzia: vidanji ya kwanza mapema, yaani kumwaga oili na kubadilisha filta wakati injini bado inazoeana na maisha, halafu unafuata kilomita. Ya kwanza tulifanya vizuri. Nikalala usingizi wa mtoto mchanga.

Sasa niwatambulishe dereva wangu. Papa Kabwe, mdogo wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyeendesha lile lori la zamani. Kumfukuza shemeji ni kuitisha kikao cha ukoo, kwa hiyo msianze kunishauri hapo.

Papa Kabwe ana kanuni moja tu duniani. Injini haizimwi.

Wanapakia ndagala, injini inaunguruma. Kizuizini anasubiri kamba ishushwe, inaunguruma. Anakula ugali wake taratibu, anachagua miiba, inaunguruma. Siku moja alikwenda kwenye matanga akaliacha nje linawaka, wafiwa wakawa wanaimba kwa kushindana nalo.

Nikimuuliza habari za oili, ananionyesha dashibodi kwa kidole cha mwalimu.

"Mama Neema, angaria mwenyewe. Kilometri hazijafika. Tumwage mafuta ya motere ya bure?"

Na kweli hazikuwa zimefika! Zitafikaje, gari linasimama kutwa? Mita inahesabu magurudumu tu. Haijui kwamba injini imefanya kazi tangu alfajiri bila kwenda popote.

Kilichonishtua ni dizeli. Ilikuwa inaisha kama mtu anaimwaga ziwani. Nikasema safari ya Kabalo hii napanda mwenyewe, nikae mbele, nione. Nikabeba na kidumu cha oili, maana mimi sijaolewa na kilomita.

Huko mbele nikakuta Bikira Maria.

Stika nzuri tu, ya rangi ya bluu, imebandikwa kwenye dashibodi katikati ya mishale na taa. Sisi ni Wakatoliki, nikafurahi. Shemeji ameokoka na mambo yake, nikasema moyoni.

Tukatembea. Mchanga, mashimo, gia ya kwanza, gia ya pili, tena ya kwanza. Kabla ya Nyunzu kuna kilima. Katikati ya kilima injini ikabadili sauti, ikaanza kugonga kwa ndani, nguvu zikaisha.

Nikatazama dashibodi. Wakuu, Bikira Maria alikuwa anawaka.

Pembeni mwa stika palikuwa na mwanga mwekundu. Mtu mwenye imani zaidi yangu angepiga magoti. Mimi nilichomoa ukucha nikabandua. Chini yake taa ya oili, nyekundu kama pilipili.

"Papa Kabwe! Tangu lini hii?"

"Ile taa inanipiga mu macho, Mama. Njo nikaweka Mama Maria pale."

"Zima gari!"

"Nikizima hapa, njo nani atatusukuma?"

Boti yangu, lori la mume wangu, miaka yangu yote ya kunuka ndagala, vyote vilikuwa vinagonga humo ndani, na huyu ananiuliza habari za kusukuma. Nikanyoosha mkono nikazungusha ufunguo mwenyewe. Kimya.

Tukaweka mawe kwenye matairi. Tukangoja kidogo, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Nchani kulikuwa na kitu cheusi, kizito, kidogo mno hata kuonja. Nikamkabidhi kidumu. Akamimina polepole mpaka kijiti kikasema sawa.

Halafu akapotea.

Nikamtafuta kwa kioo. Yuko nyuma. Ameegemeza bega kwenye lori lililojaa magunia, kwenye kilima, peke yake, miguu imechimbia mchanga, anangoja nimpe amri asukume.

Nilitaka kucheka. Sikuweza. Nikazungusha ufunguo.

Likawaka mara moja. Taa nyekundu ikazimika, na ile sauti ya kugonga ikaisha.

Papa Kabwe akaja mbele polepole, mikono ina vumbi, macho yana maji. Akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Ile ya zamani niliizima hapahapa, Mama. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikasema nipumzike kidogo tu. Ikakatala kuwaka. Hakukuwa muntu wa kusukuma. Wakamuzika mukubwa wangu, miye niko hapa naangaria matope."

Nikakumbuka siku ile. Ukoo mzima ulimsema kwamba hakuja kumzika kaka yake. Mimi pia nilimsema, tena kwa sauti, mbele ya jeneza. Naye hakujitetea hata siku moja. Tangu pale akishawasha gari asubuhi, hazimi hadi usiku.

Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ila sikujua kwamba nyoka aliyemuuma ni siku ile ya mazishi.

Nikakaa naye pale kwenye ngazi. Tukalia kidogo, watu wazima wawili, lori linaunguruma juu yetu. Kisha nikamwambia azime. Akazima. Akawasha. Akazima tena. Akawasha. Kama mtoto na swichi ya taa.

Nyunzu tukafanya vidanji kamili, oili na filta. Fundi akasikiliza injini akasema imeponea chupuchupu. Hadi leo inavuta.

Kwa hiyo wakuu wa "fuata kilomita", fuateni, ila kama barabara yenu ni lami. Kama ni vumbi, mizigo ya kupita kiasi, gia ya kwanza na kusimama huku inaunguruma, hesabu pia saa ambazo injini imewaka, na umwage oili mapema kuliko mita inavyosema. Pima kwa kijiti kila asubuhi. Na watakatifu wakae kwenye mlango, dashibodi ina kazi yake.

Tuliporudi bandarini, Papa Kabwe alizima kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Vijana wote wakaacha magunia, wakakimbia nyuma ya lori, wakajipanga tayari kusukuma. Mazoea hayana dawa.

Jumapili iliyofuata aliniomba lori. Akaenda nalo makaburini kwa kaka yake, akalizima getini, akakaa huko hadi alipotosheka.

Aliporudi alilizima mlangoni kwangu. Akanirudishia ufunguo tu.

Haya, uwanja ni wenu, wenye malori mapya mwageni ushauri na kejeli hapo chini, nina kifua. Ila kabla hujaandika, kama lako linaunguruma hapo nje bila safari, nenda kalizime kwanza.