Mabega ya Mwashi

Mtaani walimwita Mama Kioo, ingawa hakuwa na mtoto na kioo chenyewe kilikuwa kimoja tu. Lakini kilikuwa kioo cha haja, kirefu kumshinda yeye, kimeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda chake cha ushonaji, na hakuna gauni lililotoka humo bila kupita mbele yake. Gauni ambalo mteja atalichukua kesho, Mama Kioo alikwisha kulivaa leo. Alijigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akashika kiuno, kisha akalivua taratibu kama mtu anayeagana na mgeni aliyemzoea.

"Hilo nalo la nani?" fundi viatu wa kibanda cha pili aliuliza kupitia mwanya wa mbao.

"Najaribu mishono."

"Siku hizi mishono inajaribiwa kwa nyonga?"

Alipenda nguo tangu utotoni, na alizipenda kwa njaa. Alikuwa kitinda mimba nyuma ya dada wengi, na kila gauni lilimfikia likiwa limekwisha kuchoka kwa wenzake. Akajifunza kushona ili awe wa kwanza kuligusa. Akawa wa kwanza kweli, lakini njaa haikuondoka. Akishona hariri aliota mahameli. Akiletewa mahameli aliililia hariri ya jana. Wanasema macho hayana pazia. Yake hayakuwa hata na kope.

Hayo yangekuwa yake peke yake, kama yasingeingia kwenye mkasi. Mama Kioo alipima watu vizuri na kuandika sawasawa, lakini akishika chaki aliuona mwili wake mwenyewe umo ndani ya nguo ile, na chaki ikaufuata. Magauni yalitoka yakimkaa yeye. Wateja wake waaminifu walikuwa wanawake wembamba wenye mabega ya kuteremka. Wengine walibana pumzi, wakashukuru, wakahamia kwa fundi mwingine.

Aliyeumia zaidi alikuwa binti wa kaka yake, mwashi, msichana wa matofali na saruji, mpana wa mabega, mwenye kicheko cha kusikika hadi ghorofa ya pili. Siku aliyopewa cheti cha uashi, gauni aliloshonewa na shangazi yake lilipasuka mgongoni kwa mlio uliowageuza watu wote. Alishinda sherehe nzima ameegemea ukuta, akidai anaukagua.

Na sasa alikuwa anaolewa. Aliingia kibandani amekumbatia kifurushi.

"Shangazi, ni hiki tu. Dukani kimekwisha na hawaleti tena."

Mama Kioo akakifungua. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya maziwa, kizito, kikiteleza vidoleni kama kinataka kwenda mahali. Akakipitisha shavuni.

"Wenzangu wameniambia nitafute fundi mwingine," mwashi alisema, akichokonoa saruji kwenye kucha. "Nikawaambia nina shangazi. Ila shangazi, safari hii nataka kuinua mikono. Nataka kucheza harusini kwangu."

"Utacheza mpaka wapiga ngoma waombe maji, mwanangu."

Alianza na karatasi ya kukatia, vipimo vya mwashi vikiwa mbele yake. Alichora, akakata, akaibandika mwilini kwa mazoea na kusimama mbele ya kioo. Ikamkaa. Begani, kwapani, kiunoni, kama ngozi.

Akacheka, akakata nyingine. Nayo ikamkaa.

Safari hii hakucheka. Aliketi akitazama mkono wake kama mtu anayemtazama ndugu aliyefumaniwa jikoni akidokoa. Mkono haukuwa umekosea hesabu. Ulikuwa umemtii mwenye mkono, naye alilitaka gauni hili kuliko alivyotaka bibi harusi acheze ndani yake.

"Fundi," aliita. "Njoo unisaidie kukigeuza kioo hiki."

"Kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea kitu. Mimi ndiye niliyekionea."

Wakakielekeza ukutani. Kisha akafunga kibanda, akaenda kwenye jengo alikofanya kazi mwashi. Alikuwa amempima miaka yote, lakini kumtazama hakuwahi. Macho yake yalipita juu ya miili ya watu yakitafuta nguo. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shangazi, kuna msiba?" mwashi alipaza sauti kutoka juu ya jukwaa la mbao.

"Hakuna! Nakutazama tu!"

"Basi ngoja nigeuke upande mzuri!"

Vibarua wakaangua kicheko. Tofali likapanda, mgongo ukafunguka, mkono ukazunguka na kurudi. Yale mabega ambayo Mama Kioo alikuwa akiyapunguza kila mara, akidhani anayatengeneza, ndiyo yaliyokuwa yakiinua ukuta. Akatazama mpaka kivuli kikahama. Moyo ulimtulia kwa namna asiyoijua: alikuwa mbele ya kitu kizuri, na hakukihitaji.

Kesho yake alikata. Tamaa ilikuja, tena mapema, kama paka wa jirani anayejua saa ya chakula. Hakuifukuza wala hakuitupia kitu. Ilikaa mlangoni ikamtazama, naye akaendelea kuuona mkono wa mwashi ukizunguka na tofali. Chaki ikapita mbali kuliko ilivyozoea. Alipoinua kichwa, paka alikuwa ameondoka. Cherehani ikaimba, na yeye juu yake akaimba pia, vibaya, hadi fundi viatu akagonga mbao.

"Ama uimbe, ama ushone!"

"Na wewe piga misumari, utupe ngoma!"

Siku ya kujaribu, mwashi alivaa. Akavuta pumzi kwa woga, akainua mkono mmoja, akainua wa pili. Akanyanyua benchi la wateja juu ya kichwa. Kimya. Hakuna uzi uliolia.

"Shangazi!" Akalitua benchi, akamkumbatia hadi miguu ikaacha sakafu.

"Mimi siamini," alisema fundi viatu aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mama Kioo avae, tujue gauni ni la nani."

Akageuza mgongo, na mwashi akalivua gauni, akamvisha shangazi yake juu ya kanga. Wakakigeuza kioo. Gauni likamteleza bega moja, likateleza la pili, akabaki amelishikilia kifuani kama mtu aliyeibuka kutoka ndani ya gunia, mikono imepotelea humo.

Mama Kioo akajitazama. Akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto.

"Halinikai!" alipiga kelele. "Jamani, njooni mwone, halinikai hata kidogo!"

Na alikuwa akiruka, kwa uangalifu, asije akakanyaga pindo la watu.