Siku Niliyomshtaki Fundi kwa Wizi wa Draiva

Mke wangu anasema hili jambo nisilisimulie tena, kwamba kila nikilisimulia nazidi kujivua nguo mwenyewe, lakini ninyi mtalisikia tu kwa watu wa pale kwa kinyozi na wale wataongeza chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu. Nilipata aibu mbele ya mama yangu, mwenyekiti wa mtaa na waendesha bodaboda wapatao kumi, na hakuna mtu wa kumlaumu isipokuwa mimi.

Kaka yangu Zabloni alipohamia Mpanda kikazi aliniachia laptop yake ya zamani, nzito kama tofali, feni yake inavuma kama mashine ya kusaga. Ndani yake ilikuwamo sauti ya marehemu baba. Zabloni alimrekodi kule kwetu Mwamgongo miezi michache kabla hajafariki, akiongea tu, kwa Kiha, habari za ukoo na za watoto wake. Nakala nyingine haikuwepo. Simu iliyokuwa nayo ilitumbukia ziwani siku Zabloni anashuka kwenye boti. Sasa mama alikuwa amekuja kukaa kwangu Ujiji, na Jumapili ndugu walikuwa wanakusanyika kumkumbuka mzee, na kitu kimoja tu alichoomba ni kuisikia ile sauti. Laptop nayo ukiiwasha unaweza kuinjika maharage na yakaiva kabla haijafunguka, na ikishafunguka inaganda.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Kigoma mjini, dada anaitwa Riziki, ana kibanda si mbali na stesheni. Nilipomweleza alisema diski imechoka, ataweka mpya ya kisasa, ataongeza na RAM, aniwekee Windows upya. Nikamwambia nitaileta kesho.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi ni mtunza stoo (miaka kumi na minne sasa) na kazi hiyo imenifundisha kwamba kitu kikitoka mkononi mwako bila alama, kikirudi si chako. Basi nikaifungua laptop mwenyewe kwa bisibisi, nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikapaka kidoa kwenye kila kilichoonekana cha maana. Diski nikaipaka. RAM nikaipaka kwenye yale meno yake ya rangi ya dhahabu, maana palikuwa panang'aa nikaona ndipo alama itaonekana vizuri. Nikahesabu skrubu, nikaziandika kwenye karatasi.

Riziki akapokea, akaandika jina langu, hakusema mengi. Huo ukimya wake sikuupenda. Mtu asiyeongea nilimwona kama mtu anayepanga. Kinyozi jirani yake, Bosco, ana kioo kikubwa kinachoonyesha kibanda chote cha Riziki, kwa hiyo nikaingia kunyoa. Nikamwona kwenye kioo anainua RAM yangu juu, anaitazama kwenye mwanga, anaisugua. Kwa nini aisugue? Kesho yake nikarudi kunyoa tena. Bosco akaniuliza ananyoa nini, nikamwambia anyoe tu.

Mchana ule Riziki akaniita, akaniambia mashine sasa ni nyepesi, inawaka mara moja, ila draiva ya sauti haipo, niiache mpaka kesho aitafute.

Haipo. Mimi nikisikia kitu hakipo najua kuna mtu amekibeba. Ningeuliza draiva ni kitu gani hadithi ingeishia hapo, lakini niliona nikiuliza atajua sijui, na akijua sijui ndiyo atanimaliza kabisa. Nikamwambia nipe laptop yangu kama ilivyo. Alijaribu kunieleza, nikaitia laptop kwenye begi lake nikapanda bajaji.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa, amejifunga kitenge kizuri, anangoja. Nikafungua lile faili la baba, na kweli lilifunguka haraka, ule mstari wa chini ukawa unatembea, lakini kimya. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Kimya. Mama akasogeza sikio hadi likagusa mashine, kisha akaniuliza taratibu, "Wamemchukua?"

Nikaifungua laptop kwa bisibisi. Diski iliyokuwamo haikuwa na alama. RAM zilikuwa mbili na hakuna hata moja yenye wekundu. Nikamwambia mama, ndiyo, wamemchukua, na kesho atarudi.

Asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Bitama, nikamwamkia, nikamweleza kwamba fundi ameiba diski, RAM na draiva. Draiva niliitaja kwa uchungu zaidi. Mzee aliniuliza draiva ina ukubwa gani, nikamwonyesha kwa vidole, kama kiberiti hivi. Akasema tukamsikilize na huyo fundi kwanza. Mama naye akasema habaki nyumbani.

Tulipofika pale nilisema kwa sauti ili Bosco na wateja wake wasikie, na bodaboda wakasogea. Nilisema mengi. Nilisema wako mafundi wanaowanyonya hata marehemu. Riziki aliweka chini chuma chake cha kulehemu, akamsalimia mama, akamsalimia Mzee Bitama, kisha akaniuliza kama nimetazama mfuko wa pembeni wa begi.

Sikuwa nimetazama. Akafungua zipu, akatoa bahasha ya kaki, ndani yake diski ya zamani ina kidoa chekundu.

"Nilikurudishia mwenyewe," alisema. "Na RAM yako ni hii hapa ndani, niliisugua ile rangi kwa spiriti siku ile uliyoileta, maana ilikuwa inazuia mashine kuwaka. Nilidhani mtoto wako ameichezea."

Mtu mmoja nyuma yangu akakohoa. Mzee Bitama akauliza, na draiva je? Riziki akamweleza kwa upole kwamba draiva haishikiki, ni programu inayoifundisha Windows namna ya kuongea na spika, na kwa kuwa mashine ni ya zamani ilibidi aitafute kwa namba ya kifaa chenyewe. Alikuwa ameipata. Akachomeka flashi, akaisakinisha, akaizima laptop na kuiwasha. Tukasubiri wote. Akabonyeza lile faili la baba, na mimi jana nilikuwa nimeacha sauti mpaka mwisho.

Baba akatoka kwa nguvu, akisalimia, "Mwakeye!", mpaka mama akashika mdomo. Akaanza kuwataja watoto wake mmoja mmoja kwa Kiha, na alipofika kwangu akacheka kwanza. Mzee Bitama ni Muha, alikuwa anawatafsiria wasiojua bila kuombwa, kwa sauti ya mkutano. "Anasema, huyu Eliasi ni mtoto mwema. Ila akipoteza kitu, kwanza anatafuta mwizi, halafu ndiyo anatafuta kitu."

Walicheka hadi Bosco akatoka nje na mashine yake ya kunyolea inanguruma. Mama alikuwa analia na kucheka, ameshika ukingo wa meza, na hakunitazama mpaka baba alipomaliza. Ndipo akaniambia, "Muombe radhi dada wa watu. Sasa hivi, wakiwa bado wapo."

Nikaomba. Riziki hakucheka wala hakunisema. Alichomoa daftari lake, akaandika kila kilichomo kwenye laptop, diski mpya, RAM mbili, skrubu ngapi, flashi yenye nakala ya sauti ya baba aliyoifanya bila kuombwa, akanisomea mbele ya mwenyekiti kimoja kimoja, kisha akanipa kalamu. "Saini hapa, kaka," alisema, "wewe sikuamini."

Nikasaini, ilikuwa haki yake. Jumapili ndugu walimsikia mzee, na alipofika pale anaponitaja wakanigeukia wote. Tangu hapo mtu akinitajia kitu nisichokijua, ninauliza, hata kama kuna watu, hata kama kitu chenyewe kila mtu anakijua, nauliza hicho ni nini na kinakaaje. Wanaonicheka kwa kuuliza ni wachache sana kuliko waliokuwa pale stesheni siku ile.