Jini wa Kwenye Jalada

Juzi, kwenye duka moja hapa Nachingwea, nilimkuta dereva wa trekta wa mashamba ya karanga akigombana na mkewe kwa ajili ya kitabu cha hadithi. Mke amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Mume hajui hata alifu. Juu ya jalada amechorwa jini kijana, kifua wazi, amemkumbatia mwanamke angani.

"Kila jioni yuko na huyu," mume aliniambia, akimgonga jini kifuani kwa kidole. "Nikitaka anisomee, ananisomea habari za kizee cha jini kisicho na meno, kinacholinda kisima. Huyu kijana anamruka."

"Kijana hayumo, bwana," mke alisema taratibu.

Nikaombwa niamue. Nikasoma pale pale kaunta: kizee na kisima tu. Mume alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa aliyemchora huyu alimwona wapi?"

 Kisha akamwomba mwenye duka gazeti la kufungia sukari, akalivika jalada kama watoto wa shule wanavyovika vitabu vyao, akakunja kingo kwa uangalifu. Gazeti lenyewe lilikuwa hili unalolisoma, na picha yangu ya juu ya safu ikaangukia usoni mwa jini. Mume akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena. Uso ukamkunjuka.

"Huyu hana neno," akamwambia mkewe, akimrudishia kitabu. "Soma tu."

Wakapanda basi la Ruangwa wakicheka. Wivu aliouacha pale kaunta nimerudi nao mimi nyumbani.