Handaki la Upande wa Mashariki

Harufu ya udongo mkavu uliomwagiwa maji bado hunipandisha hasira. Ndiyo harufu ya kila Ijumaa ya msimu mmoja wa baridi, miaka ya tisini, tulipotoka kwenye fleti yetu ya Hamriya, mjini Maskati, kwenda bonde la nyuma ya Yiti, ilikokuwa ngome ya ukoo wetu. Ilikuwa nyumba kubwa ya udongo, nusu imeshaporomoka, na kuizunguka lilipita handaki pana lililochimbwa karne nyingi nyuma ili adui asifike ukutani. Kila familia ya ukoo ilichimba kipande chake na kukisafisha, na mwenye kipande ndiye aliyekuwa na chumba ndani ya ngome. Chetu kilikuwa mashariki, kimejengewa mawe kando. Baba, aliyezaliwa Unguja na kurudi Maskati mtu mzima, alikisafisha kwa mikono yake, nami nikimchotea maji ya kulainisha udongo.

Ami Seif, binamu yake baba ambaye wazee wake hawakuondoka Omani, hakupendezwa. Ijumaa moja tulikuta katapila limefukia kipande chetu, chetu peke yake, naye Ami Seif amesimama juu ya kifusi na kanzu yake nyeupe.

"Kwenu Unguja," alisema. "Hapa hamna kitu."

"Seif, nnakuomba, hii kazi ya wazee wetu."

"Wazee wako walikwenda zao."

Baba alinishika mkono tukarudi garini. Alikuwa ameaibishwa mbele ya mwanawe, nami nikaapa Ami Seif atanitambua.

Nilisomea mambo ya kale kwa ajili ya Ami Seif, si kwa kupenda vigae. Nilipoajiriwa katika ofisi ya mambo ya kale, Al Khuwair, niliomba kufukua bonde lile. Mvua zilikuwa zimelila handaki lote lililoachwa wazi, halitambuliki tena. Kilichosalimika ni kile alichokifukia yeye: mawe yamekaa yalivyopangwa, na msingi wa daraja la kuingilia. Kwa ajili ya kipande hicho eneo zima likawekewa hifadhi, na Ami Seif alikuwa keshajiandaa kujenga hapo majumba ya kupangisha.

Alinijia, mzee sasa, ananiita mwanangu. "Sema na wakubwa wako waiondoe hiyo hifadhi. Sisi damu moja."

"Sisemi, ami. Na ukitaka kuliona handaki, simama nyuma ya kamba kama wageni wengine."

Watu wananihimiza nisamehe. Baba alisamehe, akafa bila kukanyaga tena udongo wa babu yake. Mimi naukanyaga nikipenda, na siku nikimkuta Ami Seif nje ya kamba, chakula changu cha mchana huwa kitamu zaidi.