Mashine Ilimdhani Ukuta

Saa tatu asubuhi, Mama Mikanda anapuliza vumbi kwenye mdomo wa deki yake ya video, ya mwisho inayofanya kazi, kisha anausukuma mkanda ndani taratibu kama anayelaza mtoto. Pazia limeshushwa. Mwanga wa bluu unaenea juu ya rafu na juu ya miwani yake.

Ana miaka sitini na mmoja. Zaidi ya thelathini ameitumia kurekodi sherehe za watu na kuzihamisha: kutoka mkanda kwenda diski, kutoka diski kwenda faili dogo la simu.

"Kompyuta yangu ya kwanza ilinipa herufi nane tu za jina," anasema. "Nikaandika HARUSI01. Zilipofika harusi mia nikashika kichwa. Siku hizi majina ni marefu, nayo balaa vilevile. Nina MWISHO, nina MWISHO KABISA, nina MWISHO KABISA HASA. Na hakuna la mwisho hata moja!"

Kicheko kinakatika anapofika kwenye kubana video. Ili harusi nzima ienee kwenye diski moja, programu hushughulika zaidi na kinachosogea. "Anayecheza, inamfuata. Ukuta hausogei, unaandikwa mara moja, basi."

Mwezi uliopita fundi cherehani mmoja alimletea diski ya zamani ya harusi. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, wala hakuacha picha. Ndugu walimwambia mama alikuwepo kwenye harusi hiyo, amesimama nyuma. Kweli alikuwepo. Lakini alikuwa mtu wa haya, kasimama gizani bila kujitikisa, na mahali pa uso pana miraba mitupu.

"Mashine ilimdhani ukuta," anasema Mama Mikanda. "Na aliyebana ni mimi. Niliona aibu, mwanangu, mpaka chai ikanishinda."

Juu ya mkanda asili wa harusi hiyo alikuwa amesharekodi sherehe nyingine, maana enzi hizo mikanda ilikuwa adimu. Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo aliuweka kwenye deki. Sherehe ya pili ikacheza yote, ikaisha, skrini ikajaa chenga. Kumbe ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Kwenye kipande kilichobaki, ambacho hakikuingizwa kwenye diski, harusi ya zamani ikaibuka.

Mwanamke mwenye sinia la vikombe anageuka. Anacheka. "Usinichukue mimi, dada! Mchukue bi harusi!"

Sekunde kumi na moja.

Fundi cherehani aliomba sehemu hiyo irudiwe, na irudiwe tena, mpaka akawa anayasema maneno hayo pamoja na mama yake. Alipoulizwa kama ibanwe ili ienee kwenye simu, alikataa. Alikaa kwenye kigoda akafuta nyimbo zake zote kupata nafasi.

Mama Mikanda amebakiwa na mikanda mia mbili na sita, na deki imeanza kukwaruza. Anataka kuitazama yote hadi ncha, kabla deki haijakata roho.

"Kuna wengine wamesimama huko mwishoni," anasema. "Na wana watoto wanaowatafuta."