Vidole vya Mama Kwenye Pazia la Maiami

Enzi zetu, mtu alikwenda kupigwa picha kama anavyokwenda kubatizwa. Aliogeshwa, akasuguliwa visigino kwa jiwe, akapakwa mafuta miguuni mpaka magoti yakang'aa, kisha akaonywa njia nzima asiguse kitu. Wenzangu mliokulia Karatina, au mji wowote mdogo wenye soko na kituo cha basi, mnajua ninachosema. Watoto wetu waliozaliwa hapa Birmingham hawajui, kwa hiyo nitaeleza polepole, ili nao wakisomewa wapate kuelewa.

Kamera ya siku hizo ilikuwa na mkanda ndani, na mkanda ulikuwa na nafasi chache. Mpiga picha hakukupiga mara ishirini halafu mkae mchague. Familia moja, picha moja. Ukipepesa macho, utaonekana umelala mpaka mwisho wa dunia, kama binamu yangu Gathoni, ambaye hadi leo yuko ukutani kwao akisinzia kwenye harusi yake mwenyewe. Na baada ya kupigwa, mlisubiri. Mkanda ulipelekwa Nyeri kusafishwa, na picha zikarudi mkiwa mmeshasahau mlivaa nini.

Mpiga picha wetu alikuwa Mzee Ndirangu. Studio yake haikuwa na paa. Ilikuwa kiwanja kidogo nyuma ya soko, nguzo mbili na kamba, na juu ya kamba ile lilining'inia pazia kubwa la kitambaa ambalo juu yake alikuwa amechora mji wa Maiami.

Maiami, kwa asiyejua, ni mji wa Marekani ulio ufuoni mwa bahari. Mzee Ndirangu hakuwahi kufika huko, na hata Mombasa alikuwa akiisikia tu. Alichokuwa nacho ni kalenda kuukuu aliyoachiwa na mzungu ambaye mzee alikuwa akimfulia nguo kabla ya uhuru, yenye picha za mji huo katika siku zake za fahari. Akainakili kwa rangi ya kupaka milango. Alichora hoteli ndefu zenye kona za mviringo, moja nyeupe, moja ya waridi, moja ya kijani kama jani changa la kabichi. Alichora majina ya hoteli yanayowaka kwa taa juu ya mapaa, minazi iliyopangwa mstari, na motokaa ndefu zilizo wazi juu, zenye mapezi nyuma kama samaki. Wanaume walivaa makoti meupe na tai za kipepeo. Wanawake walivaa miwani ya jua na kofia pana kama ungo.

Wanawake wale mwanzoni walikuwa na nguo za kuogelea, kama kalenda ilivyoonyesha. Akina mama wa kanisa wakaja kuzungumza naye, kwa upole lakini wakiwa wengi, na wiki iliyofuata wanawake wote wa Maiami walikuwa na sketi za kufika chini ya magoti. Mmoja alikuwa amejifunga leso.

Na nyuma ya hoteli zote, Mzee Ndirangu alichora mlima. Kalenda haikuwa na mlima. Lakini yeye alizaliwa na kuzeeka akiuona Mlima Kenya kila asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na kwake mji usio na mlima mgongoni ulikuwa kazi isiyokamilika. Akaupaka theluji kileleni. Watoto wa rika letu tulikua tukijua kwamba Maiami ina bahari mbele na theluji nyuma, na mwalimu wetu wa jiografia, aliyepigwa picha yake ya harusi palepale, hakutusahihisha.

Akiwa anapanga watu, mzee alitusimulia maisha ya huko. Alisema watu wa Maiami huamka jua limeshapanda, hunywa maji ya machungwa, kisha hulala kwenye viti vya kitambaa wakijipaka mafuta ili wapate weusi kidogo. Hapo Baba alicheka kila mwaka kama anasikia mara ya kwanza. Alisema jioni huvaa wakapendeza, wakaingia ukumbini kucheza dansi za Kuba, tarumbeta zikilia, wahudumu wakipita na vinywaji vilivyochomekwa miavuli midogo. Miavuli ilitushinda. Dada yangu Nyambura aliuliza kama huko mvua hunyesha ndani ya nyumba. Mimi shida yangu ilikuwa hoteli. Kwetu hoteli ni mahali pa chai na mandazi, basi nikiitazama ile ndefu ya waridi niliwaza tu ni karai gani linalotosha kukaanga mandazi ya watu wote wale.

Nyumbani tuliendelea na Maiami yetu. Gunia lilikuwa ufuo, ungo ulikuwa kofia, na mdogo wetu Kimani alikuwa motokaa, akivuma kwa mdomo kuzunguka zizi la ng'ombe. Mama akitukuta tumejilaza badala ya kupukuchua mahindi, alisimama juu yetu na kusema, "Maiami imefungwa. Njooni mahindini." Hakuhitaji kusema mara mbili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kabla ya Krismasi. Mama alitutengeneza sisi kwanza, halafu akafungua sanduku lake akatoa gauni la buluu lenye kola nyeupe, likinuka dawa ya nondo. Alilivaa siku hiyo na siku ya Pasaka tu. Tukashuka sokoni kwa mguu, viatu mkononi, tukavivaa tulipofika kwa mzee. Pale palikuwa na koti moja la wanaume wote wa Karatina, kitana kilichofungwa kwa uzi kisiibiwe, simu isiyo na waya, na maua ya plastiki. Baba aliketi kwenye kiti, mikono yake ikipotea ndani ya lile koti. Nyambura alishika simu sikioni. Mimi nilishika maua. Kimani alishikwa shingo ili atulie.

Kisha upepo ulikuja. Kila Desemba ulishuka kutoka mlimani, ule wa kweli, ukaingia chini ya pazia, na hoteli zote zikapanda juu kama sketi. Mzee Ndirangu alikuwa tayari ameingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi cha kamera. Alisema kutoka humo humo, "Mama Nyambura, tushikie hapo kidogo."

Na Mama akatoka mahali pake kando ya Baba, akaenda pembeni, akavuta ukingo wa pazia kwa nguvu, mkono umenyooka, mwili nje ya picha. Kamera ikalia. Imekwisha. Mzee akawaita wengine, maana foleni ilifika kwenye vibanda vya viazi.

"Mimi nitapigwa mwakani," Mama alisema, akijikung'uta vumbi kwenye gauni lake. Hakulalamika. Mwaka uliofuata upepo ulikuja tena, na ni nani mwingine angeshika? Baba ndiye mwenye kiti, na sisi tulikuwa wafupi.

Kwa hiyo picha zetu zote za utotoni ziko hivyo. Baba yupo, Nyambura yupo, mimi nipo, Kimani yupo na shingo yake. Kwenye ukingo wa kushoto, juu ya bahari, kuna vidole vinne. Hivyo ni vya Mama. Baadaye Baba alifariki, mzee akazeeka, na pazia, nilivyosikia, liliuzwa kwa mwenye lori. Maiami yetu iliondoka mjini ikifunika viazi.

Mwaka huu Mama alikuja kukaa nasi hapa mtaani kwetu Castle Vale. Ameshapita miaka themanini. Alikaa miezi, akazoea baridi, akazoea hata basi, kisha akatuambia kwamba akirudi nyumbani hatapanda ndege tena. Nami nikataka kitu kimoja tu kabla hajaenda: picha moja nzuri ya Mama. Wa rika langu hamhitaji kuambiwa picha gani. Ni ile inayowekwa mbele ya kanisa, na juu ya kijitabu cha maziko. Nimeona familia nyingi zikihangaika siku ya mwisho, wakakata uso wa mama yao kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine, na bega la mgeni likabaki shavuni mwake.

Lakini Mama alikataa simu. Wanangu walimfuata jikoni, sebuleni, bustanini, na kila wakiinua simu yeye aliinua mkono usoni. "Msiniibe," aliwaambia. "Picha ya mtu huombwa." Binti yangu Wambui anajipiga yeye, chakula chake na paka wa jirani kabla ya saa tatu asubuhi, wala hakuna aliyeoga. Alikuwa na picha tele za Cucu, kama wanavyomwita nyanya yao, na zote zilikuwa za kiganja.

Jioni moja nikazitoa picha za Mzee Ndirangu. Wambui akacheka, akaniambia kwa Kiingereza kama kawaida yao, kwamba Maiami ni tambarare kama chapati. Akaingia kwenye simu kututhibitishia. Akasoma, akaendelea kusoma. Kisha akamgeukia nyanya yake na kumweleza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Miaka ile ya kalenda, alisema, watu weusi ndio waliofagia hoteli zile na kutandika vitanda, lakini hawakuruhusiwa kulala humo. Hata waimbaji waliojaza kumbi, wakimaliza kupigiwa makofi walivuka daraja kwenda kulala mtaa wao.

Mama aliisogeza picha karibu na dirisha.

"Kumbe hata huko," alisema, "kulikuwa na wa kushikilia pazia."

Nikamuuliza, nikidhani nauliza jambo dogo, kama kweli alikuwa akitaka kuingia kwenye picha zile. Akanitazama kama ninavyomtazama Wambui akiuliza jambo lililo wazi.

"Nilivaa gauni la buluu kila mwaka, wewe. Ulidhani nimeuvalia upepo?"

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi hadi Sparkhill, kwenye maduka ya vitambaa ya Stratford Road. Mwenye duka, dada Msomali aliyekulia Eastleigh, alinisikia nikiongea na Mama kwa simu, akaja na Kiswahili chake cha Nairobi kuniuliza dirisha langu lina upana gani. Nikamweleza kwamba si pazia la dirisha, ni la Maiami, la kupigia picha. Hakuhitaji maelezo zaidi. "Pazia letu sisi Eastleigh lilikuwa na ndege," alisema, akipima. "Niliipanda kila Idi, dada. Nilisimama kwenye ngazi nikiaga watu kwa mkono, na haikuruka hata siku moja." Akanikatia kitambaa kwa ukarimu, akanipa salamu nimpelekee Mama.

Wanangu walikitandaza bustanini na kuanza kuchora. Waliweka hoteli, minazi, motokaa yenye mapezi. Mama aliketi na blanketi magotini akiwasimamia. Akauliza mlima uko wapi. Wambui akamkumbusha kwamba hakuna mlima. "Basi hapo si Maiami," Mama alisema. Wambui aliangalia simu yake, akamwangalia nyanya yake, kisha akachovya brashi kwenye rangi nyeupe na kuanza na theluji.

Pazia tulilitundika kwenye kamba ya nguo. Tulimvisha Mama gauni la buluu tulilolitafuta mjini siku nzima mpaka tukapata lenye kola nyeupe. Aliketi kwenye kiti cha meza ya chakula, nimempaka mafuta miguuni mimi mwenyewe, kama alivyokuwa akinipaka. Sasa, Castle Vale zamani ilikuwa uwanja wa ndege, na nadhani upepo haujaambiwa kwamba ndege ziliondoka. Wambui alipoinua simu tu, hoteli zote zikapanda juu.

Na Mama akainuka. Kwa mazoea tu, akaweka mkono kwenye kiti na kuanza kuelekea pembeni.

"Mama, kaa," nikamwambia. "Leo nashika mimi."

Akakaa. Akanyoosha kola, akafumba midomo, maana enzi zetu mtu hakuchekea kamera, na akamwambia mjukuu wake, "Moja tu." Wambui, ambaye hajawahi kupiga moja tu ya kitu chochote, alibana pumzi. Niliuvuta ukingo wa pazia mpaka bega likaniuma, na kutoka pale nilipokuwa sikuona kitu isipokuwa mgongo wa mlima.

Mama amekwisha kurudi Karatina na nakala yake mkobani. Yangu iko ukutani, na kila nikirudi kazini naitazama kabla sijavua koti. Nafikiri watoto wetu wana bahati. Watakuwa na picha za kila kitu, hata za siku ambazo hakuna lililotokea. Sisi tuna chache, lakini kila moja tuliiogea, tukaiendea kwa mguu, tukaingojea mpaka ikarudi kutoka Nyeri.

Wambui aliponionyesha picha hii ya Mama, alinionyesha pia vidole vyangu, vinne, kwenye ukingo juu ya bahari. Akasema anaweza kuvifuta, kwa kugusa mara moja tu. Nilimwambia aviache. Picha za enzi zetu hazikufutika, na ndiyo sababu najua kwamba Mama alikuwepo.