Fundi Cherehani Ajifunza Kungoja

Zamani mtu alijifunza lugha ya wageni kwa kuketi nao barazani. Siku hizi anaegemeza simu kwenye cherehani na kuongea peke yake. Ndivyo alivyonung'unika mzee fundi viatu kila alipomwona jirani yake, fundi wa nguo, akihangaika na Kituruki, pini zimebanwa midomoni. Mjukuu wa fundi huyo, aliyezaliwa huko Uturuki, hakujua lugha nyingine, na bibi yake alikataa katakata kutafsiriwa.

"Sisi tunalivika neno kichwani, wao mkiani," alisema, akipanga vitambaa mezani kimoja nyuma ya kingine. "Ev, nyumba. Evler, nyumba nyingi. Evlerimiz, nyumba zetu. Evlerimizden, kutoka nyumba zetu."

"Hilo si neno, mama," mzee alimjibu. "Hilo ni treni."

Lakini kilichomtoa jasho ni kitenzi, ambacho Waturuki hukiweka mwisho wa sentensi, na msikilizaji hana budi kukingoja. Yeye kukata watu kauli ndiyo ilikuwa tabia yake. Mteja hajamaliza kusema "nataka", keshapimwa kiuno. Mjukuu naye alirukiwa hivyohivyo katikati ya sentensi, akajibiwa ndivyo sivyo, akakata simu.

Mara ya mwisho mzee kumwona, kabla mzee mwenyewe hajahamia kwa binti yake, fundi alikuwa ameinamia simu, kimya, kidole juu kumwashiria mzee angoje. Mtoto alisimulia weee, mpaka neno la mwisho. Ndipo bibi akajibu, na wote wawili wakaangua kicheko. Kisha akamgeukia mzee.

"Haya, mzee wangu. Zamani ilikuwaje?"

Akangoja. Mzee akafungua kinywa, akababaika: miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwacha afike mwisho.